Maji ya Jumapili ya Mtaa wa Bondeni

Mwaka 1951 maji ya mfereji wa Lerongo yaligawanywa kwa mitaa saba, kila mtaa siku yake, na Jumapili ikaangukia mtaa wa Bondeni.

Habari hii imepokewa kwa wazee wa kigango cha Lerongo, mashariki mwa mlima Kilimanjaro, nao waliipokea kwa walioiona. Wasimulizi wamekhitilafiana katika mambo madogo. Katika jambo kubwa hawakukhitilafiana.

Bondeni kulikuwa na kaya tisa. Zilikuwa za mwisho kuhamia Lerongo, na siku ya kugawa zamu zilipewa siku iliyobaki. Wote walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Katika mkutano ule mtu mmoja wa Bondeni, jina lake Severini, alisimama akauliza.

"Mwalimu, Jumapili si siku ya Bwana? Tutashikaje jembe?"

Aliyeulizwa ni Gaudensi, katekista wa kigango. Padre alifika Lerongo mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote Mwalimu Gaudensi ndiye aliyeongoza sala, aliyefundisha katekisimu na aliyezika. Kwa kuwa alijua kuandika, alikuwa pia karani wa mfereji. Alikuwa mtu wa ibada, na hakuna msimulizi aliyesema kinyume cha hilo.

"Mtabadilishana zamu na majirani," akajibu. "Mungu atawajalia."

Hakuna jirani aliyebadilisha. Kila mtaa ulihitaji siku yake. Severini alifariki mwaka 1953, akamwacha mkewe Kandida na mabinti wawili, na shamba moja la mahindi alilolifyeka mwenyewe kwa mikono yake.

Mwaka 1954 mtu mwingine wa Bondeni, Modesti, alifungua maji siku ya Jumapili baada ya sala. Mwalimu alipeleka habari parokiani. Modesti akapigishwa magoti mlangoni mwa kanisa Jumapili tatu, watu wakipita kando yake kuingia na kutoka. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Bondeni aliyegusa kizibo cha bwawa.

Yafaa kueleza bwawa hilo lilivyokuwa. Mfereji ulishuka kutoka msituni na kuingia katika bwawa lililochimbwa juu ya mitaa yote. Kila asubuhi wenye zamu walivuta kizibo, maji yakashuka mashambani mwao mpaka bwawa likaisha. Bwawa lilihitaji siku mbili kujaa. Kwa hiyo kila mtaa ulipata nusu bwawa, isipokuwa mtaa mmoja. Jumapili bwawa halikufunguliwa, na Jumatatu asubuhi lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Jumatatu ilikuwa zamu ya mtaa wa Kanisani. Mwalimu Gaudensi aliishi Kanisani.

Watu wa Kanisani waliyaita maji yale maji ya baraka. Walisema Mwenyezi Mungu huwazidishia wanaokaa karibu na nyumba yake. Walisema hivyo bila hila, na mwaka hadi mwaka mahindi yao yalisimama hata mvua ilipokosekana.

Nao hawakula peke yao. Kigango kilikuwa na Chama cha Huruma, na Mwalimu alikuwa kiongozi wake. Kila Ijumaa ya Kwaresima wanachama walifunga, na chakula ambacho wangekula siku hiyo walikitia kapuni. Baada ya Njia ya Msalaba makapu yalipelekwa Bondeni. Walifunga kwa kweli. Mama mmoja mjamzito alikatazwa kufunga, akafunga. Mwalimu mwenyewe alitoa zaidi ya wote.

Januari 1958 alikuja parokiani padre mpya, Padre Teobaldi. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 21 Februari, alifika Lerongo, akakuta makapu yamepangwa mbele ya kanisa. Akafurahi. Kisha akauliza yanakwenda kwa nani. Mwalimu akamtajia kaya tisa.

"Na mwaka jana mliwapa nani?"

"Hao hao, Padre."

"Na mwaka juzi?"

"Hao hao."

Padre akayahesabu makapu kwa macho. "Mwalimu, tunawasaidia watu hawa, au tunawafuga?"

Wanachama wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Padre hakucheka.

"Wana nini hasa? Ni wavivu?"

"Hapana, Padre. Ni mvua."

"Mvua hainyeshi Kanisani pia?"

"Inanyesha pote, Padre."

"Basi nitafutie sababu. Nikirudi mwezi ujao nataka kuisikia."

Mwalimu akasema atachunguza. Tarehe 21 Februari ndiyo siku ya kwanza mwaka ule ambayo angeweza kusema alichokijua.

Mwaka ule masika yalichelewa. Huko Bondeni Kandida alikuwa na jambo zito kuliko njaa. Mashamba ya chini hayakuwa mali ya kudumu. Yaligawiwa na mchili, msimamizi wa eneo aliyewekwa na mangi, chifu wa Wachaga, na desturi ilikuwa kwamba shamba lililokosa mazao misimu mitatu mfululizo hurudi kwa mchili, naye humpa mwingine. Mahindi ya Kandida yalikauka mwaka 1956, yakakauka tena 1957. Mchili alipita mwezi wa Februari, akatazama miche iliyokuwa imefika kwenye kifundo cha mguu, akamwambia kwa upole kwamba angerudi kabla ya Pasaka. Akikuta kijani, vema. Asipokuta, atafanya kama desturi inavyomwelekeza.

Jirani yake aliitwa Filomena, mwanamke mwenye ulimi. Jumamosi moja walikuwa wakigawana mahindi ya kapuni, Filomena akasema:

"Wao wanashinda njaa Ijumaa ili sisi tule Jumamosi. Hii njaa tunaazimana kama jembe."

"Usiseme hivyo. Wanatoa kwa moyo."

"Nani kakataa? Nasema tu jembe lenyewe ni moja." Akaendelea kupepeta. "Kandida, kesho twende tukavute kile kizibo. Mimi na wewe. Modesti alipiga magoti Jumapili tatu, magoti yake yako wapi? Si anatembea nayo?"

"Na sakramenti?"

"Tutaungama."

"Utaungamaje jambo ambalo Jumapili nyingine utalirudia?"

 Wasimulizi wanasema hapo ndipo waliposhindwa kila mwaka, kwa sababu hawakuwa watu wa kumdanganya Mungu. Na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumuuliza padre. Walidhani padre anajua. Walidhani yeye ndiye aliyekataza.

Kandida alikuwa akifanya vibarua katika mashamba ya Kanisani. Jumatatu tarehe 3 Machi alikwenda kupalilia kwa Mwalimu Gaudensi. Asubuhi ile alitumwa bwawani awaambie wenye zamu wavute kizibo. Miaka yote hiyo hakuwahi kulifikia bwawa asubuhi ya Jumatatu. Akalikuta limejaa, maji yakimwagika ukingoni. Alisimama pale kwa muda. Aliporudi, Mwalimu alikuwa akielekeza maji kwa jembe kati ya mistari ya mahindi.

Mwalimu alimwita shemeji, kwa kuwa yeye na marehemu Severini walikuwa wa ukoo mmoja.

"Shemeji, umewaambia?"

"Nimewaambia, Mwalimu." Kisha akauliza. "Mwalimu, maji ya jana yalikuwa ya nani?"

"Ya jana?"

"Ya Jumapili. Yale ambayo hatukuyafungua. Yanakwenda wapi?"

Mwalimu alijibu bila kuinua uso. "Maji yote ni ya Mungu, shemeji."

"Sawa," akasema Kandida. Akainama akapalilia mpaka saa sita, akapewa ujira wake wa mahindi, akashukuru, akashuka.

Hakuuliza tena. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema zaidi, alisema alikuwa amejibiwa.

Lakini Mwalimu hakupata raha tangu siku ile. Yeye alijua jambo ambalo Bondeni hawakulijua. Katika chuo cha makatekista, miaka mingi kabla, alifundishwa kwamba amri ya tatu haimkatazi mwenye haja. Mtu ambaye chakula chake kitaharibika anaweza kuomba ruhusa kwa padre, akasali asubuhi, kisha akafanya kazi yake bila dhambi. Aliliandika hilo katika daftari kwa mkono wake. Mwaka 1951 hakulisema, akiogopa kwamba akiwafungulia watu mlango huo kwa kazi moja, wataupita kwa kazi zote. Ndivyo alivyojiambia. Mwaka 1954, Modesti alipopigishwa magoti, hakulisema kwa sababu alikuwa amekwisha kumshitaki. Na baada ya hapo maji ya Jumatatu yalikuwa mengi, na alizoea.

Alimweleza mkewe. Mkewe aliitwa Restituta.

"Sema," akamwambia. "Unangoja nini?"

"Mtaa wote wa Kanisani watanikasirikia. Nani atakubali kurudi kwenye nusu bwawa mwaka kama huu?"

"Watakasirika, halafu watapoa. Mimi mwenyewe nitakasirika. Sema."

"Nitasema Ijumaa."

Ijumaa tarehe 7 Machi aliongoza Njia ya Msalaba, akatangaza makapu, hakusema. Restituta alimtazama kutoka upande wa wanawake. Ijumaa tarehe 14 aliwaambia watu wabaki baada ya sala. Walipobaki aliwahimiza waongeze sadaka kwa sababu ya ukame, akawaruhusu waende. Siku hiyo makapu yalizidi ya wiki zote zilizotangulia. Nyumbani Restituta alimwandalia chakula. Mwalimu akakitazama, akasema amefunga.

"Umefunga mdomo," akasema Restituta.

Ijumaa tarehe 21 Padre Teobaldi alirudi kama alivyoahidi. Akamwita Mwalimu kando, wakasimama nyuma ya kanisa.

"Umenitafutia sababu?"

"Bado nachunguza, Padre."

Padre alisema vema, achunguze, na asikate tamaa. Akapanda pikipiki yake akaenda. Restituta alikuwa akifagia karibu. Amesimulia kwamba mumewe alibaki akiitazama njia hata baada ya vumbi kutua.

Jumatano tarehe 26 Machi mchili alifika Bondeni. Alipita shamba kwa shamba. Mahali pengine miche ilikuwa bado hai kwa sababu ya unyevu wa mto. Shamba la Kandida lilikuwa mbali na mto. Mchili alivunja mche mmoja kwa vidole, ukakatika kama kijiti. Alimwambia Kandida kwamba anasikitika, kwamba alimjua Severini, na kwamba kuna mtu wa ng'ambo ya mto aliyeomba eneo hilo tangu mwaka uliopita na ana ng'ombe wa samadi. Kandida aliomba mpaka Pasaka. Mchili akasema Pasaka ni siku kumi na moja tu, na mahindi yaliyokufa hayafufuki kwa siku kumi na moja. Alisimika mti wa mpaka mpya mbele ya mashahidi wawili.

Habari zilifika Kanisani siku hiyo hiyo.

Ijumaa tarehe 28 Machi, kanisa lilijaa. Mwalimu aliongoza Njia ya Msalaba kama kawaida, akitoka kituo hadi kituo na kitabu mkononi. Walipofika kituo cha kumi, ambapo Bwana wetu anavuliwa nguo, alisoma kichwa cha sala, akanyamaza. Watu walingoja. Wengine walidhani amepoteza ukurasa. Mzee mmoja wa nyuma akamkumbusha kwa sauti ya chini maneno yanayofuata. Mwalimu akafunga kitabu.

"Nisameheni," akasema. "Siwezi kuendelea kusoma. Nina neno."

Akalisema lote akiwa amesimama pale pale. Alisema habari ya zamu, habari ya daftari lake la chuoni, habari ya Modesti, habari ya bwawa la Jumatatu. Alisema kwamba swali la Kandida aliulizwa tarehe tatu, na leo ni tarehe ishirini na nane. Wasimulizi wanakubaliana kwamba hakulia. Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma matangazo.

Modesti alikuwamo kanisani. Alikuwa amekaa benchi la tatu. Akasimama.

"Yaani ulijua? Mimi niko pale mlangoni, magoti chini, mke wangu ananipita kwa aibu, wewe unajua?"

"Nilijua."

"Sema tena, wasikie."

"Nilijua, ndugu yangu."

Modesti akatoka nje. Hakupiga kelele. Ikafika zamu ya watu wa Kanisani kunong'ona, na mmoja wao, mwanachama wa Chama cha Huruma tangu kianzishwe, alisema kwa sauti jambo ambalo wengine walikuwa wakilifikiri: "Kumbe yale makapu tulikuwa tunawapa mahindi yao wenyewe."

Filomena alikuwa nyuma. "Na tulikuwa tunashukuru," akasema. "Msisahau hapo. Kila Jumamosi tulikuwa tunashukuru."

 Mwalimu alishuka hadi benchi la wanawake alipokuwa Kandida, akapiga magoti mbele yake. Kandida akamshika mkono ili ainuke, naye Mwalimu akakataa kuinuka.

"Inuka, shemeji," akasema Kandida. "Watu wanatazama."

"Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe. Inuka." Kisha akasema, na hili wote wamelipokea kwa namna moja: "Ungesema Jumanne tu."

Vituo vinne vilivyobaki vilisaliwa na mzee mwingine.

Kesho yake Mwalimu alitembea hadi parokiani, akamweleza padre. Padre Teobaldi alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba angeulizwa na mtu mmoja tu wa Bondeni, mwaka wowote, yeye au padre yeyote aliyemtangulia angetoa ruhusa palepale. Mwalimu akasema anajua. Akaomba kuvuliwa ukatekista. Padre akamkatalia. Akamwambia arudi afundishe amri ya tatu upya, yote, pamoja na sehemu aliyoiacha, na afundishe mwenyewe kwa mdomo ule ule.

Siku ya Pasaka Mwalimu alifundisha hivyo. Jumatano tarehe 9 Aprili mitaa saba ilikutana. Watu wa Kanisani walibisha kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mmoja alisema baraka haigawanywi na kamati. Restituta, mke wa Mwalimu, aliomba ruhusa ya kusema, akawauliza kama wako tayari kuendelea kufunga kila Ijumaa maisha yao yote ili wasitoe siku moja ya maji. Mwishowe wakakubaliana kwamba Bondeni wapewe Alhamisi, wenye Alhamisi wahamie Jumatatu, wagawane na Kanisani bwawa lililojaa Jumapili. Chama cha Huruma hakikuvunjwa. Kiliongezewa kazi moja: kila mwanzo wa Kwaresima, kabla ya kuweka kapu, wanachama wakae na wanaosaidiwa wawaulize ni nini kinachowaweka pale walipo. Desturi hiyo ilishikwa Lerongo kwa miaka mingi, na imepunguza makapu.

Mwalimu, Padre na wazee wawili walikwenda kwa mchili kuomba shamba la Kandida lirudishwe. Mchili aliwapokea kwa heshima. Aliwaambia kwamba mtu wa ng'ambo amekwisha kulima, amekwisha kupanda, na mvua imenyesha juu ya mbegu zake. Hakufanya kosa lolote. Wamnyang'anye kwa haki ipi? Wakaaga, wakarudi.

Mwalimu alimpa Kandida kipande cha shamba lake mwenyewe, chenye maji. Kandida alikilima msimu mmoja. Alivuna vizuri. Baada ya mavuno alimwambia Restituta kwamba anashukuru, ila kila asubuhi akienda shambani hupita penye mti wa mpaka, na mtu aliyepanda pale humwamkia kwa adabu. Kaka yake alikuwa na nafasi kwake, upande wa magharibi wa mlima, safari ya siku mbili. Ameamua kwenda.

Ndugu wapendwa, Mwalimu Gaudensi hakuwa mwizi, wala hakuwa mnafiki kwa namna tunayoizoea. Alifunga, alitoa, na alitubu mbele ya watu, jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya. Toba yake tunaamini ilipokelewa. Lakini kati ya swali la mjane na jibu la kweli zilipita siku ishirini na tano, na shamba lilichukuliwa siku ya ishirini na tatu. Tunapoweka kapu mbele ya altare, tujiulize limetoka wapi. Na tukishajua, tusingoje Ijumaa.

Jumapili tarehe 17 Agosti 1958, baada ya sala, Mwalimu Gaudensi alimwandikia Kandida barua ya utambulisho kwa parokia ya kaka yake. Nakala yake ilihifadhiwa katika jalada la kigango. Inataja jina lake, majina ya mabinti wake, na kwamba hana kizuizi cha sakramenti. Sentensi ya mwisho inasema: "Shamba lake lilipotea kwa kosa langu, si lake." Kandida aliweka dole gumba chini yake, akaondoka na mabinti wake siku hiyo hiyo.